Ya Kale Dhahabu, ila Imechekechwa

Miongoni mwa malalamiko yasiyokwisha katika mijadala ya muziki huko Marekani na Uingereza ni lile la wasikilizaji waliovuka umri wa miaka 50, wanaoshikilia kwamba muziki unaovuma leo hauna hadhi ya kusimama karibu na roki iliyopigwa kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa maoni yao, wanamuziki wa wakati huo walipiga ala kwa mikono yao, walitunga wenyewe na walitoa albamu zilizosikilizwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, ilhali vijana wa sasa wanabofya kompyuta, wananyooshewa sauti na mashine na wanatungiwa nyimbo na kundi la watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Hoja hiyo haifai kupuuzwa kwa kisingizio kwamba wazee hulalamika siku zote, wala haifai kukubaliwa yote kama ilivyo, kwa sababu ndani yake yamechanganywa mambo mawili yaliyo tofauti kabisa. La kwanza ni ukweli kuhusu namna muziki unavyotengenezwa na kuuzwa, na la pili ni hukumu dhidi ya vipaji vya kizazi kizima, hukumu ambayo ushahidi wake ni dhaifu.

Kabla ya kuamua nani ana haki, ni lazima kufahamu kinacholinganishwa. Roki ni muziki uliojengwa juu ya gitaa la umeme, gitaa la besi na ngoma, uliozaliwa Marekani katika miaka ya 1950 kutokana na bluzi, yaani muziki wa Waamerika Weusi wa majimbo ya kusini, ukichanganyika na muziki wa kantri wa Wazungu wa vijijini, kisha ukavuka bahari na kurudi kwa kishindo mwaka 1964 ukiwa mikononi mwa The Beatles na bendi nyingine za Uingereza. Roki ya zilipendwa, kwa upande wake, haikupata kupigwa na mtu yeyote kwa jina hilo, kwani Led Zeppelin, Pink Floyd na The Who hawakuingia studio kurekodi zilipendwa, bali walirekodi muziki mpya ulioshindania wateja na muziki mwingine mpya wa siku zao. Walioiunda zilipendwa ni wenye vituo vya redio vya Marekani ambao, katika miaka ya 1980, walianza kupanga vipindi vyao vyote kwa nyimbo za miaka 10 au 20 iliyotangulia, wakiwalenga hasa wanaume waliokuwa vijana nyimbo hizo zilipotoka na ambao sasa walikuwa na kazi, familia na fedha za kununua bidhaa zilizotangazwa kati ya wimbo mmoja na mwingine. Ili kujua wimbo upi ubaki na upi uondoke, vituo viliwachezea wasikilizaji vipande vya sekunde chache na kuwauliza kama wanautambua na kama wanaupenda, na wimbo ulioshindwa mtihani huo ulitoweka hewani hata kama siku zake ulikuwa na sifa.

Kwa hiyo roki ambayo mzee wa leo anaikumbuka imepita katika chekecheke mara kadhaa, kwanza ile ya wanunuzi wa santuri, pili ile ya wahakiki, na tatu ile ya mameneja wa vipindi, huku muziki wa leo ukimfikia ukiwa mzima na pumba zake zote. Ushahidi wa jambo hilo umo katika chati za wakati ule, yaani orodha za nyimbo zilizoongoza kwa mauzo na kuchezwa redioni. Mwaka 1969 ndio mwaka wa tamasha la Woodstock, wa The Who kutoa "Tommy" na wa Led Zeppelin kutoa albamu zao mbili za kwanza, lakini wimbo uliowekwa na jarida la Billboard katika nafasi ya kwanza kwa mwaka huo mzima Marekani ulikuwa "Sugar, Sugar" wa The Archies, bendi ya vibonzo wa televisheni ambayo haikuwa na mwanamuziki hata mmoja wa kupanda jukwaani. Miaka miwili kabla yake, The Beatles walipotoa "Strawberry Fields Forever" na "Penny Lane" katika santuri moja, nyimbo ambazo leo zinafundishwa kama kilele cha utunzi wa roki, walizuiwa kufika kileleni mwa chati ya Uingereza na "Release Me", wimbo wa mapenzi wa Engelbert Humperdinck ulioishia kuwa singo iliyouzwa kuliko zote nchini humo mwaka 1967. Wanunuzi wa wakati ule walikuwa na ladha mchanganyiko kama walionayo wanunuzi wa leo, na tofauti ni kwamba nyimbo nyepesi walizozinunua kwa wingi haziingizwi katika ushahidi.

Chekecheke hiyo, isitoshe, haikuwa ya haki kwa kila mtu. Chuck Berry, Little Richard na Sister Rosetta Tharpe, mpiga gitaa wa nyimbo za injili aliyeanza kurekodi katika miaka ya 1930, ndio waliochimba msingi wa roki, lakini ratiba za vituo vya zilipendwa zilijaa bendi za vijana Weupe kiasi kwamba Jimi Hendrix alionekana kama mgeni katika nyumba iliyojengwa na wazee wake. Jina lenyewe la The Rolling Stones lilitokana na wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950, na mtunzi wa bluzi Willie Dixon alilazimika kuwashtaki Led Zeppelin mwaka 1985 kuhusu "Whole Lotta Love" kabla ya pande mbili kumaliza shauri hilo kwa makubaliano. Stevie Wonder alitoa "Innervisions" mwaka 1973, mwaka uleule wa "The Dark Side of the Moon" ya Pink Floyd, akiwa amepiga ala nyingi za albamu hiyo yeye mwenyewe, jambo ambalo linakidhi kila kigezo ambacho mpenzi wa roki anakidai, na bado jina lake halitajwi mara nyingi pale ubora wa zamani unapolinganishwa na uhafifu wa sasa. Anayesema kwamba zamani muziki ulikuwa bora anazungumzia, mara nyingi bila kujua, sehemu ndogo ya zamani iliyochaguliwa kwa niaba yake.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa sana jambo hili, kwa kuwa analiona nyumbani. Nyimbo za muziki wa dansi ambazo wazee wa Tanzania wanazitumia kuipima Bongo Fleva, zikiwamo za NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 na za Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, ni zile zilizokubaliwa kurekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, kituo kilichokuwa ndicho redio pekee ya Tanzania Bara hadi redio binafsi ziliporuhusiwa katika miaka ya 1990. Bendi zilizoshindwa kufika katika studio hiyo, na nyimbo zilizopigwa ukumbini usiku mmoja zikasahaulika asubuhi yake, hazipo tena za kuiaibisha enzi hiyo, wakati kila wimbo mbovu uliotoka wiki hii unapatikana katika simu ya mkononi.

Nje ya chekecheke ya soko ipo ile ya kumbukumbu, ambayo wanasaikolojia wameichunguza kwa muda mrefu. Mtu mzima akiombwa kukumbuka maisha yake, matukio ya kuanzia ujanani hadi kwenye miaka ya ishirini humjia kwa wingi kupita kiasi, kwa kuwa ndicho kipindi cha mambo mengi ya mara ya kwanza: mapenzi, kazi, kuondoka nyumbani. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani Morris Holbrook na Robert Schindler waliwasikilizisha watu wa umri mbalimbali vipande vya nyimbo zilizovuma kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1980, wakagundua kwamba upendeleo wa msikilizaji ulielekea kufika kileleni kwa nyimbo zilizotoka alipokuwa na umri wa karibu miaka 24. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba muziki wa ujana wa mtu fulani ni mbaya au ni mzuri, lakini yanathibitisha kwamba msikilizaji wa miaka 65 akilinganisha wimbo wa mwaka 1975 na wa mwaka jana, nusu moja ya mizani imeshabeba uzito wa maisha yake kabla hata wimbo haujaanza kupigwa.

Historia nayo inaonyesha kwamba lawama hii ni ya kurithishana. Frank Sinatra, ambaye mwaka 1944 alisababisha maelfu ya wasichana kufurika na kuvuruga mitaa ya New York alipoimba katika ukumbi wa Paramount, ndiye aliyeilaani roki mwaka 1957 kwa maneno makali kama muziki wa wahuni na wa kinafiki, katika mwaka uleule ambapo kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan kilimwonyesha Elvis Presley kuanzia kiunoni kwenda juu ili watazamaji wasione anavyotikisa nyonga. Miaka mitatu baadaye Sinatra huyohuyo alimkaribisha Elvis katika kipindi chake mwenyewe cha televisheni na wakaimba pamoja. Wapenzi wa roki walipofika zamu yao hawakuwa wapole zaidi: tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, mtangazaji wa redio Steve Dahl alilipua sanduku la santuri za disko katikati ya mechi mbili, maelfu ya vijana wakavamia uwanja, na timu ya wenyeji ikapoteza mechi ya pili kwa kuwa haikuweza kuchezwa. Disko, muziki wa dansi uliokuzwa katika kumbi za Waamerika Weusi, Walatino na mashoga wa mijini, ilishutumiwa kwa makosa yaleyale ambayo muziki wa leo unashutumiwa nayo, yaani midundo ya mashine, maneno mepesi na ukosefu wa ala za kweli, na bado nyimbo zake nyingi leo zinachezwa harusini kama zilipendwa.

Lipo pia lalamiko kwamba nyimbo za leo ni fupi mno, na hoja hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu inagusa mambo ya ufundi ambayo wengi hawayafikirii. Ni kweli kwamba "Stairway to Heaven" ya mwaka 1971 ina dakika 8 na kwamba nyimbo nyingi zinazoongoza leo hazifiki dakika 3, lakini urefu wa wimbo haukuamuliwa kamwe na subira ya wasanii peke yao. Santuri ndogo ya inchi 7, iliyoletwa sokoni na kampuni ya RCA Victor mwaka 1949, ilibeba dakika chache kila upande, na ndiyo sababu vibao vya mwanzo vya roki, kikiwamo "Johnny B. Goode" cha Chuck Berry cha mwaka 1958, vilikwisha kabla ya dakika 3, na "Yesterday" ya The Beatles ya mwaka 1965 ilizidi dakika 2 kwa sekunde chache tu. Santuri kubwa, ambayo kampuni ya Columbia ilianza kuiuza mwaka 1948, ilibeba zaidi ya dakika 20 kila upande, lakini kwa miaka mingi wanamuziki wa vijana hawakuitumia nafasi hiyo kwa kuwa redio haikuwa na mahali pa kuchezea wimbo mrefu.

Kilichofungua mlango ni kanuni ya serikali. Tume ya mawasiliano ya Marekani iliviagiza vituo vya masafa ya FM katika miji mikubwa viache kurusha siku nzima vipindi vilevile vya vituo dada vya AM, kanuni iliyoanza kubana mwaka 1967, na kwa kuwa wenye vituo hivyo walihitaji kitu cha bei nafuu cha kujazia saa za hewani, waliwaachia watangazaji vijana kama Tom Donahue wa KMPX huko San Francisco wacheze albamu wanavyotaka, pande nzima za santuri zikiwamo. Katika mazingira hayo ndipo roki ndefu ilipopata wasikilizaji, na ndipo ilipowezekana kwa Led Zeppelin kukataa kuitoa "Stairway to Heaven" kama singo nchini Marekani na bado wimbo huo ukasikika kila kona. Leo mitandao ya kusikilizia muziki, kama vile Spotify, inahesabu kwamba wimbo umesikilizwa pindi ukipita sekunde 30, na malipo hayaongezeki kwa kuwa wimbo ni mrefu, kwa hiyo mtunzi anayeanza na kiitikio na kumaliza mapema anafuata hesabu ya chombo kinachomlipa kama walivyofanya wenzake wa mwaka 1958. "Old Town Road" ya Lil Nas X, ambayo toleo lake la kwanza halikufika dakika 2, ilikaa kileleni mwa chati ya Billboard kwa wiki 19 mwaka 2019, na kwa urefu wake ingetosha vizuri katika santuri ya inchi 7.

Dai la kwamba zamani kila mtu alipiga ala yake na kutunga mwenyewe nalo linahitaji kupunguzwa makali. Katika "Mr. Tambourine Man" ya The Byrds, iliyotoka mwaka 1965, ni Roger McGuinn pekee kati ya wanabendi aliyepiga ala, na zilizobaki zilipigwa na mafundi wa kukodi wa studio za Los Angeles, kundi lilelile la watu lililopiga sehemu kubwa ya "Pet Sounds" ya The Beach Boys mwaka uliofuata. Utungaji wa makundi nao haukuanzishwa na Max Martin, Mswidi ambaye tangu mwisho wa miaka ya 1990 amewaandikia waimbaji wengi nyimbo zilizoshika nafasi ya kwanza, kwani mjini New York mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana kama Carole King na Gerry Goffin walilipwa kukaa na piano katika vyumba vidogo vya ofisi na kutoa vibao vya kuimbwa na wengine.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Afrika Mashariki ni "Bohemian Rhapsody" ya Queen, kazi ya Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1946 ambaye familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 na ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Freddie Mercury. Wimbo huo wa mwaka 1975, wenye karibu dakika 6, hutajwa kama ushahidi wa enzi ya muziki usiotegemea mashine, lakini sehemu yake ya katikati inayosikika kama kwaya kubwa ya opera iliimbwa na watu watatu tu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, waliorudia sauti zao tena na tena juu ya ukanda wa sumaku wenye njia 24, wakizikusanya sauti nyingi katika njia chache ili wapate nafasi ya kuongeza nyingine, hadi ukanda ukachakaa kiasi cha kupitisha mwanga. Hakuna kwaya yoyote iliyosimama mbele ya kipaza sauti, na Queen hawakuweza kuipiga sehemu hiyo jukwaani, bali walitoka na kuacha rekodi ichezwe. Mashine ilikuwa mshiriki kamili wa sanaa hiyo, na aliyebobea katika kuitumia alisifiwa kwa ubunifu.

Kipimo hichohicho kikitumika leo, hukumu hubadilika. Auto-Tune, programu inayonyoosha sauti ya mwimbaji ili iangukie kwenye noti iliyokusudiwa, ilibuniwa na Andy Hildebrand, mtaalamu aliyekuwa akichambua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya kampuni za mafuta, ikaingia sokoni mwaka 1997 na kusikika duniani kote kupitia "Believe" ya Cher mwaka 1998. Wapo wanaoitumia kuficha udhaifu, na wapo wanaoifanya kuwa ala, kama gitaa lilivyofanywa likwaruze na kunguruma kwa kuzidishiwa umeme. Albamu ya kwanza ya Billie Eilish, iliyotoka mwaka 2019 yeye akiwa binti wa miaka 17, aliitengeneza pamoja na kaka yake Finneas, katika chumba cha kulala ndani ya nyumba ya wazazi wao mjini Los Angeles, wakitunga wenyewe na kurekodi wenyewe bila kukodi studio kubwa, na mwanzoni mwa mwaka 2020 iliwapatia tuzo za Grammy, huku binti huyo akizoa zote nne zilizo kuu. Msikilizaji anayedai kwamba wanamuziki wa kweli ni wale wanaotunga na kutengeneza kazi yao kwa mikono yao hana budi kuikubali albamu hiyo, au akiri kwamba kigezo chake halisi ni kingine.

Hata hivyo, yapo maeneo ambayo masikio ya wazee yanasikia sawasawa. Mwaka 2012 watafiti walioongozwa na Joan Serrà mjini Barcelona walichambua kwa kompyuta rekodi zaidi ya 460,000 za kati ya mwaka 1955 na 2010, wakaona kwamba mfuatano wa noti ulikuwa umepungua aina zake, kwamba rangi za sauti, yaani sifa zinazotofautisha ala moja na nyingine, zilikuwa zinafanana zaidi, na kwamba rekodi zilikuwa zimepanda kelele mwaka hadi mwaka. Haiwezekani kuficha kwamba utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 2015 na Matthias Mauch na wenzake wa London juu ya nyimbo takriban 17,000 za chati ya Marekani za kati ya mwaka 1960 na 2010, haukuona mteremko wa kudumu wa namna hiyo, bali uliona mapinduzi matatu, ya mwaka 1964, 1983 na 1991, na kubwa kuliko yote likawa la mwaka 1991 lililoletwa na hip hop. Tafiti hizo mbili, ambazo zilitumia hazina tofauti za nyimbo na vipimo tofauti, zinamwonya kila anayetaka kutangaza kwa uhakika kwamba sayansi imethibitisha kufa kwa muziki, lakini suala la kelele halina ubishi.

Mafundi wa kurekodi wana chombo cha kukandamiza sauti, ambacho hupunguza pengo kati ya sehemu iliyo kimya na sehemu yenye kishindo, ili wimbo wote uweze kupandishwa juu kwa pamoja. Kwa kuwa wimbo wenye sauti kubwa huvuta sikio unapopigwa karibu na wenye sauti ndogo, kampuni za kurekodi, hasa baada ya diski za CD kuenea, zilishindana kukandamiza hadi nyimbo zikawa hazipumui, na msikilizaji akachoka bila kujua kinachomchosha. Wa kwanza kuumizwa na mashindano hayo walikuwa wapenzi wa roki wenyewe: Metallica walipotoa "Death Magnetic" mwaka 2008, mashabiki waligundua kwamba nyimbo hizohizo zilisikika vizuri zaidi katika mchezo wa video wa Guitar Hero, ambako hazikuwa zimekandamizwa kiasi hicho, wakatia saini kwa maelfu kudai albamu itengenezwe upya. Hata albamu za miaka ya 1970 zilipotolewa tena katika CD mara nyingi zilipitishwa katika kinu hicho, jambo linaloonyesha kwamba kosa ni la biashara wala si la umri wa mwanamuziki, na tangu mitandao ya kusikilizia muziki ianze kuzisawazisha nyimbo zote katika kiwango kimoja cha sauti, faida ya kupiga kelele imepungua sana.

Eneo la pili ambalo wazee wana haki ni subira ya wenye mitaji. Albamu mbili za kwanza za Bruce Springsteen, zote za mwaka 1973, hazikuuzwa kwa kiasi cha kuridhisha, lakini kampuni yake haikumwacha, na ya tatu, "Born to Run" ya mwaka 1975, ndiyo iliyomfanya nyota. Fleetwood Mac walikuwa katika albamu yao ya 11 walipotoa "Rumours" mwaka 1977, baada ya kubadilisha wapiga gitaa na waimbaji mara kadhaa, na "The Dark Side of the Moon", ambayo ilikaa wiki 741 katika chati ya albamu za Marekani hadi mwaka 1988, ilikuwa ya 8 kwa Pink Floyd. Msanii wa leo anapimwa kwa takwimu za siku chache za kwanza, na algoriti, yaani kanuni za hesabu zinazoamua wimbo upi upendekezwe kwa nani, hazina desturi ya kumsubiri mtu akue. Kipaji kinachohitaji albamu nne ili kikomae hakijakoma kuzaliwa, ila nafasi ya kukomaa imekuwa finyu.

Jambo ambalo wazee hawalitaji ni kwamba muziki wao ndio unaotawala soko. Kwa miaka ya karibuni, takriban asilimia 70 au zaidi ya muziki unaosikilizwa Marekani ni wa nyimbo zilizotoka zaidi ya miezi 18 iliyopita, na vijana wamo katika hesabu hiyo. "Dreams" ya Fleetwood Mac, ya mwaka 1977, ilirudi katika chati mwaka 2020 baada ya video moja ya TikTok kuenea, na "Running Up That Hill" ya Kate Bush, ya mwaka 1985, ilishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 2022 kwa sababu ilitumika katika tamthilia ya "Stranger Things". Kampuni kubwa zimeona faida hiyo mapema, ndiyo maana Universal ilinunua haki za utunzi wa Bob Dylan mwaka 2020 na Sony ikanunua kazi za Springsteen mwaka 2021, fedha nyingi ambazo zimekwenda katika nyimbo zilizokwisha kujithibitisha badala ya kutumika kulea bendi ambayo haijajulikana. Ingawa hip hop na R&B ziliipita roki mwaka 2017 kwa kusikilizwa zaidi Marekani, mpinzani mkubwa wa kijana anayetaka kutoka leo ni kazi za marehemu na za wastaafu.

Kwa msingi huo, hukumu ya haki inapaswa kutenganishwa katika sehemu mbili. Wanaosema kwamba rekodi nyingi za miaka ya karibuni zimekandamizwa, kwamba nyimbo zimefupishwa kwa kufuata malipo na kwamba wasanii hawapewi muda wa kukua, wanasema kweli, na lawama hizo ziwafikie wenye kampuni na wenye mitandao, ambao ndio wanaopanga masharti. Wanaosema kwamba vijana wa leo hawana vipaji wanalinganisha nyimbo 100 bora za miaka 15 na nyimbo zote za wiki moja, na kwa ulinganisho huo hakuna kizazi kinachoweza kushinda, kikiwamo chao wenyewe mbele ya wazazi wao. Mzee anayetaka kuhukumu kwa uadilifu achukue chati nzima ya wiki yoyote ya mwaka 1969, si nyimbo tano anazozipenda, aisikilize mpaka wimbo wa mwisho, kisha achukue albamu moja ya mwaka huu na kuisikiliza kwa subira ileile aliyoipa "The Dark Side of the Moon" alipokuwa na miaka 20. Asipofanya hivyo, anachokitetea ni ujana wake, na ujana haujawahi kuwa kipimo cha muziki.